Nilifukuzwa shule kwa kitabu ambacho nilikuwa hata sijakisoma

Mwaka 1993 nilikuwa kidato cha tatu kwenye shule moja ya bweni ya wasichana, ya masista, upande wa Njombe. Jina lake naomba nisiliseme maana shule ipo mpaka leo na wengi wa waliokuwepo enzi zile wameshatangulia mbele za haki. Baridi ya kule mnaijua, mwezi wa sita asubuhi unatoka kwenda kuchota maji unakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu, umevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Sasa bwenini kwetu kulikuwa na daftari. Kaunta buku ya kwaya mbili, jalada jeusi mgongo mwekundu, juu limeandikwa BAILOJIA FORM III, ukilifungua kurasa mbili za mwanzo kweli ni bailojia, kuna mchoro wa seli ya mmea umechorwa vizuri kabisa na vishale vyake, alafu ukurasa wa tatu inaanza Rosa Mistika.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Ila sio yote. Madada waliotutangulia walikipata kitabu chenyewe wakati wa likizo, wakakiingiza bwenini kwa wiki moja tu na ikabidi kirudi kwa mwenyewe, kwa hiyo wakagawana kazi ya kunakili usiku kwa tochi, na kwa kuwa muda ulikuwa mdogo hawakunakili kitabu, walinakili zile sehemu. Mnajua sehemu gani. Rosa na wanaume, Rosa chuoni, Rosa na ile mimba. Miandiko ilikuwa kama mitano hivi, kuna wa wino wa bluu, kuna wa penseli, kuna mmoja alikuwa analaza herufi mpaka inabidi ugeuze kichwa. Mwanzo haupo, mwisho haupo. Tulikuwa tunakodishana kwa sukari, vijiko viwili usiku mmoja, na kwa baridi ile sukari ilikuwa mali. Na sisi wote tuliolipitia lile daftari tulikuwa tunaamini kabisa kwamba tumesoma Rosa Mistika, ungetuuliza Rosa ni nani tungekwambia ni malaya mmoja wa Ukerewe.

Upekuzi ulifanyika Jumamosi. Metroni alikuwa na mtindo wake, haanzi na tranka wala godoro, anaanza na madaftari, na siku ile daftari lilikuwa zamu yangu. Akalifungua, akaona seli ya mmea, akataka kulirudisha, nikashusha pumzi, na nadhani ile pumzi ndo iliyoniponza maana aliniangalia usoni, akarudi akafunua ukurasa wa tatu. Alisoma amesimama pale pale kama dakika tano hivi bila kusema neno.

Viboko sita mbele ya paredi. Kisiki cha mkaratusi nyuma ya jiko, nilikichimba siku mbili mikono ikatoka malengelenge. Alafu barua, nimesimamishwa masomo wiki tatu na mzazi aje anichukue. Daftari likachomwa jikoni, kwenye moto ule ule wa kupikia uji. Sista mkuu alisema paredini kwamba kitabu kile ni sumu na kwamba hata serikali ilishawahi kukizuia mashuleni. Nilikuja kujua baadaye kuwa hilo la serikali ni kweli, ingawa hakutuambia kwamba baada ya kuzuiwa kilikuja kuruhusiwa na kufundishwa. Na sina hakika kama alikuwa amekisoma. Simlaumu, wakati ule hata mimi niliyechapwa kwa ajili yake nilikuwa sijakisoma.

Kilichokuwa kinanitisha sio viboko vya shule, ni baba. Kule kwetu Kilolo, Iringa, baba alikuwa mkulima wa mahindi na viazi, mvua zikianza anagema ulanzi, ile pombe ya mianzi, mtu mpole kwa watu ila kwa mabinti zake alikuwa mkali kupita maelezo. Mwaka 1989 dada yangu mkubwa alikutwa na barua ya kijana mmoja wa kijiji cha pili, na kitenge alichopewa na huyo kijana. Baba alimpiga kwa fimbo ya mti mbichi mpaka mama akajilaza juu yake, alafu akamshika mkono akampeleka mpaka kwao na yule kijana akamtukania pale mbele ya wazazi wake, watu wamejaa. Wiki ile ile dada akapanda lori la mbao usiku, akaenda. Tangu hapo jina lake halikutajwa mezani. Kwa hiyo niliposikia baba amefika shuleni nilijua kabisa nimekwisha.

Hakunipiga. Alisaini karatasi kwa kuandika jina polepole kama anavyofanyaga, akabeba tranka langu begani, tukatoka. Gari likatuharibikia njiani, tukaingia Makambako saa tatu usiku na magari ya Iringa hakuna, tukakaa stendi mpaka asubuhi. Makambako na upepo wake. Baba akanunua viazi vya kuchemsha na chai, tukakaa kwenye benchi la mama mmoja wa genge, yeye kajifunika koti mimi nimejifunika shuka la shule. Akaniuliza, hicho kitabu kinasema nini?

Nikasema kinasema mambo mabaya.

Kinaanzaje?

Nikasema sijui.

Kinaishaje?

Nikasema sijui baba.

Akanyamaza muda mrefu, nikasikia tu anakunywa chai. Alafu akasema, sasa wewe umefukuzwa na kitu ambacho hujui mwanzo wake wala mwisho wake. Basi. Hakuongeza kitu, na mpaka tunafika nyumbani kesho yake jioni hakuligusa tena. Lakini lile swali nililibeba, na niseme wazi kwamba lilinichoma kuliko fimbo yoyote niliyowahi kupigwa.

Nilirudi shule, nikamaliza kidato cha nne 1994, mwaka uliofuata nikaenda chuo cha ualimu huku Mbeya. Siku moja naingia maktaba ya chuo kutafuta kitabu cha saikolojia, nikapita kwenye shelfu ya Kiswahili, nikakiona. Kimekaa tu. Kimechakaa, jalada limebandikwa kwa selotepu, kwenye karatasi ya nyuma kuna mihuri ya watu waliokiazima miaka na miaka. Nilisimama pale moyo unapiga kama nimefumaniwa, nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. Nikampelekea mkutubi, akagonga muhuri bila hata kuniangalia, akasema wiki mbili. Nilitoka nje nikakaa chini ya mti nikaanza ukurasa wa kwanza.

Jamani, mwanzoni huko kuna nyumba. Kuna baba anaitwa Zakaria, mlevi, mkali kwa mabinti zake, kuna mama anaitwa Regina anayeteseka kimya kimya, kuna watoto. Kuna barua. Kijana anaitwa Charles anamwandikia Rosa barua, baba anaikuta, na mnajua kinachofuata maana nimeshawasimulia hapo juu kilichotokea kwetu Kilolo mwaka 1989. Nilikifunga kitabu. Nikakaa. Nilihisi kama huyu bwana wa Ukerewe, ambaye hajawahi kufika kijijini kwetu, alikuwa amejificha nyuma ya ghala letu la mahindi anaandika.

Rosa analelewa kwa woga, haruhusiwi kumkaribia mwanaume, haelezwi chochote, anafungiwa kila mlango, alafu siku moja anapelekwa mbali na nyumbani kusoma, na kule mlango unafunguliwa wote kwa mpigo na hakuna aliyemfundisha namna ya kutembea nje. Zile sehemu za daftari letu zinakuja baadaye, na ukizisoma ukiwa umetoka kwenye ile nyumba ya Zakaria huwezi kucheka wala kusisimka, unaumia. Unatamani umshike mkono. Na mwishoni Charles anarudi, anataka kuoa, anakuta Rosa sio bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Hicho ndo kitabu kilichosemwa kinafundisha mabinti umalaya.

Nilimaliza kwa usiku mbili. Ndo nikaelewa kilichotupata bwenini. Kukatazwa hakukutunyima zile kurasa, zile tulizipata vizuri tu, tena kwa vijiko viwili vya sukari. Tulichonyimwa ni kurasa nyingine zote. Tulinyimwa baba Zakaria, tukanyimwa Regina, tukanyimwa barua, tukanyimwa mwisho. Sisi wenyewe ndo tulikikata kitabu, kwa sababu mtu anayesoma kwa tochi chini ya blanketi huku anasikiliza viatu vya metroni hana muda wa kusoma mwanzo.

Mkufunzi wetu wa Kiswahili, mzee mmoja mtaratibu sana, nilimfuata nikamwomba anieleze habari za mwandishi. Nikajua kwamba Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na Namagondo ndo kijiji hicho hicho alichokiweka kwenye riwaya. Alisoma seminari ya Nyegezi kule Mwanza. Hilo la seminari lilinigusa, maana paredini tulielezwa kana kwamba kimeandikwa na mtu asiyejua Mungu, kumbe ni kijana aliyelelewa kanisani, na hata jina la kitabu limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, Waridi la Fumbo, sala ambayo masista wenyewe walikuwa wanatusalisha kila Jumamosi jioni! Akasoma chuo kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu kikatoka 1971 kupitia East African Literature Bureau, yeye hajafika hata miaka 28. Kikaonekana kinaharibu maadili, kikazuiwa mashuleni kwa kipindi.

Fikiria wewe ni mwalimu kijana, kitabu chako cha kwanza, nchi iko kwenye Azimio la Arusha, waandishi wengi wanasifia, wewe umeandika kinachofanyika ndani ya nyumba za watu usiku, na unaambiwa watoto wasikione. Mwingine angeacha. Yeye 1974 akatoa riwaya nyingine na mkusanyiko wa mashairi wa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, napo akapigwa vita na wakongwe wa ushairi waliosema hayo sio mashairi kabisa. Kwa hiyo huku wamemwambia riwaya yako ni chafu, huku wanamwambia shairi lako sio shairi. 1975 akatoa riwaya nyingine, 1979 nyingine. Alienda Marekani akasoma mpaka udaktari chuo kikuu cha Wisconsin, akarudi akaendelea kufundisha na kuandika, miaka ya baadaye akawa anafundisha Botswana. Mkufunzi wetu alikuwa anasema neno moja tu akimzungumzia, "hakuomba radhi", na alikuwa analisema kwa heshima kabisa.

Likizo ya Desemba nikakiazima tena, nikakipeleka Kilolo. Nilishaamua. Nikamwambia baba, ulishaniuliza swali Makambako, jibu nimekuja nalo.

Kusoma alikuwa anasoma kidogo, macho yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo nikamsomea mimi. Ilituchukua kama siku nane, baada ya chakula cha jioni, mvua inanyesha, koroboi katikati, mama anapukuchua mahindi, wadogo zangu tumewalaza. Msinione nina ujasiri, kwa mila zetu binti kumsomea baba yake mambo yale ni kitu kisichowezekana, na zilipofika zile sehemu sauti iliniisha. Nikasema baba hapa niruke. Akasema usiruke, uliruka shuleni. Akageuza kigoda chake akakaa anaangalia mlango, ametupa mgongo, na mimi nikasoma haraka haraka nimeinamisha kichwa mpaka pakaisha, akageuza kigoda tena akarudi kwenye moto. Tukawa tunafanya hivyo kila zilipotokea. Mama akitoka nje kusogeza kuni zisinyeshewe, hata kama kuni zimeshafunikwa.

Ila sehemu ya barua ilikuja usiku wa kwanza, na hapo hakugeuza kigoda. Nilisoma mpaka mwisho, akasema rudia. Nikarudia. Mama aliacha kupukuchua. Baba akainuka akasema anaenda kuangalia mbuzi, akakaa huko kwenye mvua muda mrefu mno, aliporudi koti limelowa maji yanachuruzika akasema tu, endelea kesho.

Siku tuliyomaliza, Rosa ameshakufa, kuna mahali yeye na baba yake wanashtakiana mbele ya Mungu nani amemharibu mwenzake. Baba alisikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu. Siku mbili baadaye tukiwa shambani akaniuliza bila kuniangalia, dada yako sasa ana miaka mingapi? Nikasema ishirini na tano. Akaendelea kulima mpaka mwisho wa tuta. Alafu akasema, wewe unarudi chuo Mbeya, watu wanasema yuko huko.

Kumbe mama alikuwa anajua miaka yote. Alikuwa anapokea sabuni na chumvi kupitia konda mmoja, anaficha, anasema kanunua gulioni. Miaka sita! Alinielekeza mpaka kibanda.

Nilimkuta Mwanjelwa, kwenye soko lile la zamani kabla halijaungua 2006, anauza mitumba ya watoto, ana mtoto wa kiume wa miaka minne amekaa juu ya belo anakula ndizi. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Swali lake la kwanza lilikuwa, baba amekutuma au umejituma? Nikamweleza habari yote, ya daftari, ya Makambako, ya kigoda. Nikatoa kitabu kwenye mkoba nikampa. Alikiangalia jalada, akanirudishia. Akasema sihitaji kusomewa mambo yangu kwenye kitabu, mwambie aje mwenyewe.

Nikaandika barua nyumbani nikaeleza hivyo hivyo, sikulainisha. Mwezi wa pili baba akaja. Mtu ambaye alikuwa hajawahi kufika Mbeya, alipanda basi na gunia la viazi na kidumu cha ulanzi, akapita Igawa, akapita Chimala, akashuka Mwanjelwa akaanza kuuliza kibanda kwa kibanda. Mimi sikuwepo, nilikuwa chuo na sikuambiwa anakuja lini, kwa hiyo walichoongea sikijui na sijawahi kuuliza. Dada aliniambia kitu kimoja tu. Kwamba baba alisimama pale kwenye kibanda kama mteja, akashika sweta la mtoto, akauliza shilingi ngapi, dada akataja bei, na baba akatoa hela yote bila kuomba apunguziwe, akamvalisha mjukuu wake palepale.

Sisemi kitabu kilifanya haya. Baba ndo aliyafanya, na angeweza kuyafanya bila riwaya yoyote, na pengine moyo wake ulishaanza kugeuka tangu siku ile Makambako. Lakini najua alichosikia usiku ule wa kwanza alikisikia kwa sababu kilikuwa kinamzungumzia mtu mwingine, Zakaria, mlevi wa kisiwa cha mbali. Kama mimi mwanae ningemwambia baba ulikosea, ningekula fimbo. Zakaria aliweza kuambiwa.

Nimefundisha miaka mingi sasa, nilianzia shule ya msingi, nikajiendeleza, sasa niko sekondari moja ya kata hapa upande wa Uyole. Ofisini nina kabati langu mwenyewe la vitabu na wanafunzi wanaazima. Februari 2023 wizara ilipotangaza kuondoa vitabu 16 mashuleni kwa sababu ya maadili, wanafunzi wangu ambao kuwaambia wasome kurasa kumi ni vita, jioni ile ile walikuwa wanatafuta majina ya vile vitabu kwenye simu za dada zao. Mimi ni mzazi pia, sipingi kwamba kuna kitabu ambacho mtoto wa darasa la tatu hapaswi kukishika, kuchagua kwa umri ni kazi ya mwalimu na naifanya kila siku. Ila mimi kila nikisikia neno marufuku naliona lile daftari la bailojia.

Kuna mzazi alikuja mwaka jana, baba wa mwanafunzi wangu, amekishika Rosa Mistika cha kwangu, ukurasa mmoja ameukunja. Amekasirika kweli. Akanisomea ule ukurasa kwa sauti, walimu wenzangu wamenyamaza wote. Alipomaliza nikamuuliza kwa upole, baba, kinaanzaje? Akasema yeye hana haja ya kujua kinaanzaje. Nikamwomba akae nacho wiki mbili, akiona hakifai nitakitoa kabatini mbele yake. Nilikuwa namaanisha. Alirudi baada ya wiki tatu, kitabu kimefunikwa kwa gazeti vizuri. Akasema, mwalimu, mimi nimekisoma chote, na binti yangu sitaki akisome mpaka amalize kidato cha nne, hapo nitampa mwenyewe. Nikasema sawa. Kabisa, nilikubali, maana huyo alikuwa anakataa kitu anachokijua. Alafu wakati anatoka akasimama mlangoni akasema, yule Zakaria lakini. Akatikisa kichwa akaondoka.

Kuna habari moja ya jirani zetu Kenya huwa nawasimulia darasani na wanaipenda sana. Ngũgĩ wa Thiong'o, huyu aliyefariki Mei 2025, serikali ilishamfunga mwaka mzima gereza la Kamiti kuanzia mwisho wa 1977 baada ya tamthilia aliyoandika na mwenzake kwa Kikuyu kuchezwa na wanakijiji wa Kamiriithu, na mle ndani akaandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni. Sasa 1986 ikatoka riwaya yake nyingine, Matigari, watu huko vijijini wakawa wanaongea habari za Matigari, Matigari kasema hivi, Matigari anauliza ukweli na haki viko wapi. Ikatolewa amri huyo Matigari akamatwe. Polisi wakaenda kumtafuta, wakakuta ni mtu wa kwenye kitabu, ndo wakageukia vitabu vyenyewe wakavikusanya madukani, 1987 hiyo. Wanafunzi wanacheka mpaka machozi. Mimi huwa siwezi kucheka sana, namkumbuka metroni amesimama na daftari lenye mwandiko wa watoto watano, anaamini ameshika kitabu.

Kezilahabi alifariki tarehe 9 Januari 2020. Shule zilikuwa ndo zimefunguliwa, nilisikia redioni jioni nikiwa najaza skimu ya kazi. Nilikaa tu na kalamu mkononi. Sikuwahi kumwona maishani, sikuwahi kumwandikia, na siku hiyo nilijuta sana, maana barua ilikuwa inawezekana na nilikuwa na cha kumwambia. Nilimpigia baba simu Kilolo nikamwambia yule mwandishi wa Zakaria amekufa. Akanyamaza, alafu akauliza, ameacha watoto? Akasema Mungu amlaze pema. Baba mwenyewe alifuata 2021, na dada ndiye aliyemuuguza miezi ile ya mwisho, kwa hiari yake, alifunga duka Mbeya akahamia kijijini mpaka tukazika.

Miaka yote hii dada hakuwahi kukisoma. Nilishamletea mara tatu, anasema weka hapo, nikirudi nakikuta pale pale kimewekewa kikombe juu. Sikumlazimisha. Mwezi uliopita nilienda kwake Mwanjelwa, nikakuta hakipo mezani, sikuuliza. Jana usiku kama saa tano hivi akanitumia voisi, ya sekunde chache tu, nyuma nasikia mvua inapiga bati. Anasema, mdogo wangu, nimefika kwenye barua. Nimekifunga kwanza. Kesho naendelea.